Simu ya mama mja mzito: tuipime kabla ya kuiamini



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mizani. Wazee wetu waliokata ndizi Jamaame na waliofanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Mareerey kabla ya vita vya 1991 walitueleza jinsi karani anavyoweza kumpunja mfanyakazi bila kumgusa, kwa kuichezea mizani tu. Na wachambuzi wa samaki wa leo hawahitaji kuelezwa. Kambakoche akishapimwa pembeni, wewe ukiwa umegeuza uso, kilo zake hupungua. Leo tunaendelea na mizani, ila kinachopimwa si ndizi wala kambakoche. Tutajifunza namna ya kupima programu za uja uzito zilizomo katika simu, zile ambazo mama huzitia ili zimweleze mimba yake imefika majuma mangapi, ale nini, na lini aende kwa mkunga.

Baadhi ya ndugu watauliza: haya ni mambo ya chama? Si ya hospitali? Tunaomba wasome mpaka mwisho, hasa pale tutakapofika kwa waajiri.

Kwanza tuone ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa afya na watu wa Somalia uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kuwa katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 692 hufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Tukigawa hesabu hiyo iwe ndogo ya kushikika mkononi, ni kama mama mmoja katika kila uzazi 145. Hebu kila mmoja wetu ahesabu uzazi uliotokea mtaani kwake, au kisiwani kwake, tangu alipokuwa mtoto. Ataona kwamba 145 si nyingi, na pengine atamkumbuka mama yule kwa jina. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba katika kila uzazi watano, takriban mmoja tu ulikuwa katika kituo cha afya. Waliobaki walizalia nyumbani.

Sasa tuangalie simu. Katika nchi yetu simu imetangulia zahanati. Benki ya Dunia ilisema mwaka 2018 kwamba karibu watu watatu katika kila wanne wenye umri wa zaidi ya miaka 16 wanatumia pesa za simu. Mwenye kibanda cha chai hupokea malipo kwa simu, mvuvi hulipwa kwa simu, na mama huagizia unga kwa simu. Basi si ajabu kwamba binti akipata mimba ya kwanza, na mama yake yuko mbali, na mkunga yuko mbali zaidi, ataifungua simu na kuiuliza. Hatumlaumu. Anayestahili kuulizwa ni yule anayemjibu: ni nani, amejifunza wapi, na anapata nini kwa kumjibu?

Wataalamu nao wameliona swali hili. Mwaka 2015 watafiti wa Queensland, huko Australia, walitoa mizani ya kupimia programu za afya, inayojulikana kwa ufupi kama MARS. Ina maswali 23, na mengi yake hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Maswali 19 ya kwanza yamegawanywa katika mafungu manne: kama programu inamvutia mtumiaji na kumshika, kama inafanya kazi bila kukwama, kama sura yake ni nzuri, na kama habari zilizomo ni za kweli na zina asili inayojulikana. Manne ya mwisho huuliza maoni ya mpimaji mwenyewe. Mizani hii imetumika katika nchi nyingi na lugha nyingi. Huko Iran watafiti wameitumia kupima programu za Kiajemi za akina mama wajawazito, na sisi wa pwani, ambao wengi wetu husema babu zetu walitoka Shirazi, hatuna budi kutabasamu kidogo kwamba jamaa wale wametutangulia.

Mizani hii ni chombo kizuri, na yafaa tukijue. Lakini kina jambo moja ambalo mfanyakazi mwenye macho ataliona upesi. Alama za mafungu manne hujumlishwa, zikagawanywa kwa nne, ikapatikana wastani. Tuchukue programu yenye picha nzuri mno: kuvutia 5, kufanya kazi 5, sura 5. Lakini habari zake ni mbovu, 2 tu. Jumla ni 17; gawanya kwa nne, unapata 4.25 katika 5. Akisoma mtu asiyejua, atasema programu hii ni bora sana.

Nendeni mkamwambie Mbajuni kwamba mashua ina tanga jipya, rangi mpya, na mlingoti wa mti mzuri, ila ubao mmoja wa chini umeoza, kwa hiyo kwa wastani ni mashua njema. Atawacheka. Chombo hakiendi baharini kwa wastani. Ubao mmoja ndio utakaowazamisha.

Kwa hiyo msimamo wetu katika somo hili ni huu. Programu ya uja uzito ipitishwe kwanza katika mlango mmoja mwembamba: je, mama akipatwa na hatari, inamwambia upesi na kwa maneno anayoyaelewa aende kwa watu wa kumsaidia? Ikishindwa hapo, isipewe alama nyingine yoyote. Ikifaulu, ndipo tuangalie sura na picha.

Mwezi uliopita tulikaa na akina mama saba wa tawi letu, wengine wazaliwa wa Kismayo, wengine wa Koyama na Chovai, tukafungua programu nne katika simu tatu. Majina ya programu hatuyataji, maana hubadilika kila siku na kesho mtakutana na nyingine. Tunalotaka ni kuwaonyesha kazi ilivyofanyika, ili kila tawi liweze kuifanya lenyewe.

Tulianza na damu. Tulimpa kila mama dakika moja aitafute katika programu habari ya mja mzito anayetokwa na damu. Katika mbili, jibu lilikuwa juu kabisa, kwa herufi nyekundu: nenda kituo cha afya sasa. Katika ya tatu ilitubidi tupite kurasa za majina ya watoto, nguo za watoto na nyota za watoto, na tulipofika tukaambiwa mama apumzike na kunywa maji. Habari ya daktari ilikuwa mstari wa mwisho. Ya nne haikuwa na habari hiyo kabisa. Hapo tayari tumemaliza kazi na programu mbili. Hatukuwa na haja ya kuzitazama zaidi.

Dalili ambazo kila programu lazima izitaje tuliziandika ubaoni, na tunawaomba mzinakili, maana zina faida hata kwa asiye na simu. Kutokwa na damu. Degedege, yaani mama kukakamaa na kutupatupa viungo. Kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu. Kuvimba uso na mikono. Homa. Maumivu makali ya tumbo. Kupumua kwa shida. Maji kutoka kabla ya wakati. Na mtoto kuacha kucheza tumboni. Katika hizi tulikaa zaidi juu ya degedege. Bibi mmoja wa Chovai alisema kwamba zamani mama akikakamaa namna hiyo, watu walitafuta mganga wa kupunga jini, usiku ukapita, na asubuhi wakachimba kaburi. Waganga wa hospitali huita ugonjwa huo kifafa cha mimba. Hutokana na shinikizo la damu lililopanda kwa sababu ya mimba, na hospitali wanayo dawa yake ya sindano. Kichwa kuuma na macho kuona ukungu ni onyo lake la mapema. Programu inayoita maumivu hayo ya kichwa "uchovu wa kawaida" ni hatari kuliko kutokuwa na programu.

Baada ya hapo tulipima lugha. Programu moja kati ya zile mbili zilizobaki ilikuwa na Kiswahili, tukafurahi. Furaha haikudumu. Iliandika: "Kazi yako ikianza, mpigie daktari." Akina mama wakatazamana. Kazi gani? Kazi si inaanza saa kumi na mbili asubuhi? Kijana mmoja aliyesoma Kiingereza akatufumbulia: kwa Kiingereza neno la kazi na neno la uchungu wa kuzaa ni moja, na mashine iliyofasiri haikujua ichukue lipi. Tulicheka sana, hasa sisi wa chama, lakini tuliandika alama ya chini. Mama aliye peke yake usiku hana kijana wa kumfasiria. Tena programu ileile ilimwambia mama akizidiwa apige 911. Namba hiyo ni ya Marekani. Ukiipiga ukiwa Chula huwezi kupata gari la wagonjwa, na hata likipatikana halipiti juu ya maji.

Hapa tunaongeza neno juu ya lugha zetu. Kismayo huzungumzwa Kisomali, visiwani Kibajuni, na miongoni mwa ndugu zetu wa bonde la Juba kuna wanaozungumza Kimaay na Kizigua. Mama huweza kununua na kuuza kwa lugha ya sokoni, lakini maumivu huyaeleza kwa lugha ya mama yake. Na wengi wa akina mama wetu hawasomi. Programu yenye sauti, inayosema badala ya kuandika tu, ipewe alama kubwa. Tulipenda sana moja ya zile programu kwa sababu ya jambo hili, ingawa sauti yake ilikuwa ya Kisomali tu.

Kipimo cha hesabu ni rahisi, na kila mtu aweza kukifanya kwa kalamu. Mimba huhesabiwa siku 280, yaani majuma 40, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Iambie programu kwamba hedhi ilianza tarehe 1 Januari. Lazima ikujibu kwamba tarehe ya kujifungua ni karibu na 8 Oktoba, au 7 Oktoba kama ni mwaka wa siku 366. Ikikupa tarehe iliyo mbali na hiyo kwa majuma mawili au zaidi, funga. Akina mama wanaohesabu kwa miezi ya mwandamo wajue kwamba siku 280 ni miezi tisa na nusu ya mwandamo. Tuliwauliza akina mama waliokuwepo, na wengi walikuwa wakihesabu tisa kamili. Tofauti hiyo ya nusu mwezi kwa watu wa bara ni ndogo. Kwa watu wa visiwani inaweza kuwa tofauti ya kupata chombo na kukosa.

Maana iko bahari. Kusi ikishika, kuanzia mwezi wa Mei na kuendelea, vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi. Mama wa Koyama au Chula ambaye siku zake zinaangukia katikati ya kusi hawezi kungoja uchungu uanze ndipo atafute mashua. Lazima aondoke mapema, afikie kwa jamaa Kismayo na kukaa huko mpaka ajifungue, karibu na Hospitali Kuu ambayo Msalaba Mwekundu wa Kimataifa umeisaidia kwa miaka mingi. Je, programu inamuuliza mama anakaa umbali gani na hospitali? Inamwambia aweke akiba ya nauli, apange mtu wa kumsindikiza, na mtu wa kumtolea damu? Katika zile nne, moja tu ilikuwa na ukurasa wa kupanga safari ya kujifungua, na ukurasa huo ulizungumza juu ya mkoba wa nguo na kiti cha mtoto cha kufungwa ndani ya gari.

Tulifunga pia mtandao katika simu na kujaribu tena. Programu moja ilibaki wazi na kurasa zake zote. Nyingine ikawa ukuta mtupu. Kwa mtu wa visiwani hilo halihitaji maelezo.

Habari zenyewe ni za mwaka gani? Kipimo chake ni mahudhurio ya kliniki. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema mara nne. Mwaka 2016 lilibadili, likasema mama aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kupita. Programu inayosema nne bado inasoma kitabu cha zamani. Twajua kwamba kwa wengi wetu hata mara nne ni ndoto, lakini mama aambiwe haki yake kamili, kisha sisi tuidai.

Chakula tulikipita haraka. Programu za Ulaya humwambia mama ale samaki wa huko na matunda ya huko. Yeye ana nguru, changu, kunde, mchicha, papai na maziwa ya ngamia, na akijua hivyo vinatosha kumjenga hatapoteza fedha kwa mikebe. Muhimu zaidi ni vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kila siku kwa ajili ya upungufu wa damu, na chandarua chenye dawa kwa ajili ya malaria. Programu isiyojua malaria haikuandikwa kwa ajili ya watu wa Juba. Na mwezi wa Ramadhani je? Mama anataka kujua kama afunge. Sheria ya dini imempa ruhusa ya kuahirisha akihofia nafsi yake au mtoto wake, na programu ya watu wa pwani ingemkumbusha hivyo badala ya kunyamaza kana kwamba swali halipo.

Sasa tufike mahali ambapo hakuna programu hata moja iliyopata alama: kazi. Zote nne zilimwona mama kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Zilimshauri afanye matembezi jioni na asikae sana mbele ya mashine ya kuandikia. Hakuna iliyomuuliza kama anasimama saa kumi juu ya saruji yenye maji ya barafu akichambua samaki, kama anabeba magunia, kama analala shambani, kama analima palipopuliziwa dawa ya wadudu. Mapendekezo namba 191 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 2000, yametaja mambo hayo waziwazi: kubeba vitu vizito, kusimama au kukaa muda mrefu, joto na baridi kali, na kukutana na kemikali zenye hatari kwa uzazi. Yanasema mwenye mimba abadilishiwe kazi, na kama haiwezekani apewe likizo yenye malipo. Programu inayomwambia mama "pumzika" bila kumwambia kwamba anayo haki ya kumdai mwajiri mapumziko hayo, inamtwika lawama yeye. Mtoto akiharibika, atajiona hakupumzika ipasavyo.

Yako mambo mema yaliyofanyika kwa simu katika pwani yetu, na yafaa tuyasome kwa makini. Huko Unguja, kati ya mwaka 2009 na 2010, watafiti walifanya jaribio katika vituo vya afya 24 kwa akina mama 2,550. Nusu ya vituo viliendelea kama kawaida. Katika nusu nyingine akina mama walipelekewa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kliniki na dalili za hatari, na walipewa vocha ya simu ili waweze kumpigia mkunga. Tazameni jambo hilo la pili: mkunga alikuwapo upande wa pili wa simu. Matokeo yake, akina mama waliojifungua wakiwa na mhudumu mwenye ujuzi walikuwa 60 katika kila 100, na katika vituo vya kawaida 47. Vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilikuwa 19 katika kila uzazi 1,000, na kule kwingine 36.

Ni ushindi mkubwa. Lakini waandishi wa jaribio hilo walisema jambo jingine ambalo wasomaji wa haraka hulisahau. Katika kujifungua na mhudumu, walionufaika walikuwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa mashamba tofauti haikuonekana. Ujumbe uliwafikia vilevile na vocha walipewa vilevile. Simu iliweza kumwita mama. Haikuweza kumpa barabara, wala gari, wala nauli.

Tanzania Bara ilianzisha mwaka 2012 ujumbe wa bure wa Wazazi Nipendeni, mama akiandika neno MTOTO na kulipeleka namba 15001, na ulifanya kazi hata katika simu ndogo ya tochi. Kenya wanayo huduma iitwayo PROMPTS, ya shirika la Jacaranda Health, ambapo mama huuliza kwa ujumbe mfupi, mashine hulipanga swali kwa uzito wake, na lenye hatari hupelekwa kwa mhudumu mwanadamu. Huduma za namna hii hazina picha za kupendeza. Katika mizani ya sura zingepata alama ndogo. Lakini zina mtu.

Na sasa waajiri, kama tulivyoahidi.

Programu nyingi hazimtozi mama senti. Mfanyakazi ajiulize daima: kama mimi sinunui, kinachouzwa ni nini? Huko Uingereza kulikuwa na klabu ya wazazi iitwayo Bounty, yenye programu yake ya simu na kadi zake mahospitalini. Mwaka 2019 ilitozwa faini ya pauni 400,000 kwa kuwapa makampuni mengine habari za watu zaidi ya milioni 14, wakiwemo akina mama wajawazito na watoto wao wachanga, bila kuwaeleza sawasawa. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya programu ya Flo, inayotumiwa na mamilioni ya wanawake kuhesabu hedhi na mimba, kwamba iliwaahidi siri na huku ikipeleka habari zao kwa Facebook na Google. Kesi ilimalizwa kwa mapatano.

Linalotugusa sisi zaidi liliandikwa katika magazeti ya Marekani mwaka 2019. Kampuni moja kubwa ya michezo ya video, Activision Blizzard, ilikuwa ikiwapa wafanyakazi wake wanawake kiasi cha dola 1 kwa siku, kwa kadi za kununulia vitu, ili watumie programu ya uja uzito ya Ovia. Mwajiri alilipia kupata habari zilizojumlishwa, bila majina: wangapi wanatafuta mimba, wangapi mimba zao zina hatari, wangapi wanapanga kurudi kazini. Bila majina, walisema. Lakini katika banda lenye wanawake kumi na wawili, ukiambiwa kwamba mmoja ana mimba ya miezi mitatu, unahitaji jina la nini? Mnyapara atamjua kabla ya adhuhuri, na kibarua huyo huenda asiitwe kazini juma lijalo.

Kwa hiyo kila tawi lisimamie mambo haya wakati wa kuzungumza na mwajiri. Mwajiri asimlazimishe wala kumlipa mfanyakazi atumie programu yoyote ya afya. Asipate habari za mimba kutoka kwa kampuni yoyote, ziwe na majina au zisiwe nayo. Somalia ilipitisha sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2023. Kenya ilikuwa nayo tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Wanasheria wa chama waulizwe kila mara. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani unakataza mwanamke anayeomba kazi kudaiwa kipimo cha mimba, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe sheria imeikataza kwa wajawazito au ina hatari iliyothibitishwa. Unakataza pia kumfukuza kwa sababu ya mimba, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakumfukuza kwa sababu hiyo. Likizo yake ni majuma 14. Nchi iwe imeridhia mkataba huo au bado, hakuna kinachokizuia chama kuyaandika maneno hayo katika mapatano yake na mwajiri.

Na mwajiri akija na zawadi ya programu kwa akina mama, ashukuriwe kwa adabu, kisha aombwe mambo mengine: kiti cha kukalia kwa mwenye mimba, siku nane za kliniki zisizokatwa mshahara, na mchango katika mfuko wa dharura wa kukodi chombo cha mashini usiku.

Kazi ya mkutano ujao. Kila tawi lilete simu zenye programu za namna hii, hata moja, pamoja na mama mmoja au wawili wanaozitumia kwa hiari yao. Asilazimishwe mtu kufungua habari zake. Fanyeni kipimo cha damu kwa dakika moja, kipimo cha tarehe 1 Januari, na kipimo cha kufunga mtandao. Andikeni pia namba ya simu ya mkunga au kituo cha afya kilicho karibu nanyi, na jina la nahodha mmoja aliye tayari kutoka usiku, na hizo zibandikwe ukutani mwa ofisi ya tawi kwa herufi kubwa. Matawi ya visiwani yatueleze miezi ambayo vyombo havitoki, na ni akina mama wangapi wanatazamia kujifungua katika miezi hiyo, hesabu tu, bila majina. Barua zitumwe kwa mwandishi wa chama kabla ya kusi kushika.